TAHADHARI: Vidonge vya "kusafisha damu" vinavyouzwa Malindi

Ndugu zangu wa Barani, Maweni, Muyeye mpaka Gede, kuna mtu anapita majumbani na kwenye makundi ya WhatsApp akiuza vidonge vya kijani kwa wagonjwa wa mailoma, ile saratani ya damu inayotafuna mifupa. Ami yangu kauziwa mkebe kwa shilingi 6,500, kalipa kwa M-Pesa, risiti hakuna.

Maneno yake ni haya: kila seli ina protiasomu, na dawa yake inazipa nguvu zifagie saratani. Mwanzo wa maneno hayo ni kweli, ndiyo maana watu wananasa. Protiasomu ni mitambo midogo sana inayokatakata protini zilizochakaa ndani ya seli. Lakini seli za mailoma hutengeneza protini kupita kiasi, kwa hivyo zinaitegemea mitambo hiyo mno. Sindano ya bortezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, kazi yake ni kuizuia: taka zinarundikana ndani ya seli ya saratani hadi inakufa. Sasa anayeiongezea nguvu anatibu au anafuga?

Tena someni mkebe. Kwa herufi ndogo umeandikwa dondoo ya chai ya kijani. Mwaka 2009 watafiti walionyesha, maabarani na kwa panya, kwamba kemikali iliyomo kwenye chai hiyo hushikana na bortezomibu na kuizuia isifanye kazi. Aliye kwenye sindano na amemeza vidonge hivi amwambie daktari wake mapema, asione haya.

Kilichoniudhi zaidi ni chambo anachotumia. Anauliza kwanza kama miguu inakufa ganzi, kisha anasema ni sumu ya hospitali, acha sindano. Ganzi hiyo ni athari inayojulikana ya dawa. Daktari akiambiwa anaweza kupunguza kipimo, au kuidunga chini ya ngozi badala ya mshipani.

Ukimbana atakwambia ana bortezomibu ya kumeza. Hakuna. Hiyo kwa kawaida huja ikiwa unga kwenye kichupa, huchanganywa na kudungwa. Ya kumeza katika jamii hiyo ni iksazomibu, na huandikwa na daktari.

Namba ya simu ashabadilisha. Mliouziwa msitupe mkebe wala kufuta ujumbe wa M-Pesa. Tunakusanya ushahidi tupeleke polisi na Bodi ya Dawa na Sumu.