Kifaa Gani Ununue Ili Kufuatilia Oksijeni ya Damu Usingizini

Mtu anayekoroma kwa nguvu, ambaye mwenza wake humwona akikata pumzi kisha akashtuka, na ambaye huamka amechoka na kichwa kikimuuma, ana sababu nzuri ya kutaka kujua oksijeni yake inakwendaje usiku. Pumzi inapokatika usingizini, oksijeni ya damu hushuka kwa muda mfupi kisha hupanda tena, kwa hiyo kifaa kinachopima mara mojamoja kinaweza kuipita mishuko hiyo yote na asubuhi kikaonyesha wastani wa kupendeza. Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa kutazama kwanza namna vinavyorekodi, halafu urahisi wa kuvivaa kila usiku, na bei nimeiweka mwisho.

Nafasi ya kwanza naipa pete ya kurekodia, mfano wake O2Ring ya Wellue, inayovaliwa kwenye kidole gumba au cha shahada. Hurekodi mfululizo usiku kucha, hutetemeka oksijeni ikishuka chini ya kiwango ulichokiweka, na asubuhi hutoa ripoti ya mara ngapi kwa saa oksijeni ilishuka kwa asilimia 3 au 4, takwimu ambayo daktari wa usingizi huitazama kwa makini. Kasoro yake ni kwamba haikufai mazoezini, na mara nyingi huna budi kuiagiza kutoka nje. Kama dalili nilizozitaja ni zako, nunua hii na uachane na nyingine.

Ya pili ni bendi za mkononi za Xiaomi na Huawei. Wengi watashangaa kuziona juu ya saa janja za bei kubwa, lakini bendi ni nyepesi na chaji yake hudumu siku kadhaa, kwa hiyo huna haja ya kuivua usiku ili kuichaji. Upimaji wa oksijeni wa usiku mara nyingi huja umezimwa. Uwashe mwenyewe kwenye programu ya simu, ukijua kwamba betri itaisha mapema zaidi.

Saa janja za Garmin, Samsung na Apple nimeziweka ya tatu. Samsung hupima usingizini tangu Galaxy Watch 4 ya mwaka 2021, na Garmin hukuruhusu kuchagua upimaji wa usiku pekee. Apple ilianza na Series 6 mwaka 2020, ila betri ya matoleo yake mengi, ya kama saa 18, huwafanya wengi waichaji wakati uleule wanaolala. Ukiletewa Apple Watch na ndugu aliye Marekani, uliza ilinunuliwa lini: kuanzia Januari 2024 saa zilizouzwa huko na Apple hazikuwa na kipimo hiki kwa sababu ya mgogoro wa hataza (haki ya uvumbuzi) na kampuni ya Masimo, hadi kiliporejeshwa kwa njia tofauti Agosti 2025 kwenye matoleo ya karibuni.

Kile kipimo cha kubana kidole cha dukani kinashika mkia kwa kazi ya usiku, maana huchomoka, hujizima, na vingi havina kumbukumbu. Saa zisizo na chapa zenye taa za kijani tu usizinunue kabisa, kwa kuwa oksijeni hupimwa kwa mwanga mwekundu na wa infraredi.

Kuhusu usahihi, sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulilinganisha vipimo vya kidole vya hospitali na damu ya ateri, yaani mshipa utoao damu moyoni: miongoni mwa wagonjwa ambao kipimo kiliwaonyesha asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya Weusi, na kwa asilimia 3.6 tu ya Wazungu. Ikiwa hata vya hospitali vilikosea hivyo, namba moja ya mkononi isikutulize wala isikutishe. Tazama mwenendo wa usiku kwa siku nyingi, ukikumbuka kwamba mkazi wa nyanda za juu kama Njombe kwa kawaida huwa chini kidogo ya mkazi wa pwani.

Jambo moja ni la hatari na halisemwi vya kutosha: hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kinachoweza kukulinda na jiko la mkaa chumbani. Monoksaidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, hushika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na kifaa huihesabu kana kwamba ni oksijeni, hivyo mtu anaweza kuwa anakufa huku kioo kikisoma 98. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Ukiona mishuko inayojirudia chini ya asilimia 90, mpelekee daktari ripoti ya usiku kadhaa, si picha ya namba moja, naye ndiye atakayeamua kama unahitaji kipimo kamili cha usingizi.