Mche wa tufaha la kijani nilionunua Bukavu, baada ya miaka mitano Kabare

Mwezi wa Oktoba 2019 nilinunua miche miwili ya tufaha katika kitalu kimoja cha mjini Bukavu, kila mmoja kwa dola 8, nikaipanda katika shamba letu la Kabare, lililo karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Mmoja ni Granny Smith, lile pome la kijani ambalo sokoni Kadutu huuzwa mojamoja baada ya kusafiri kutoka Afrika Kusini, na ambalo nimelipenda tangu utoto kwa ukali wake. Wa pili ni Anna, aina iliyozalishwa Israeli, niliyouchukua ili uchavushe mwenzake. Sikutaka kuandika tathmini hii kabla ya kuvuna mara mbili.

Mche wenyewe ninausifu. Ulikuwa umebebeshwa, yaani umeunganishwa, juu ya MM106, aina ya shina la chini lenye mizizi, na kovu la kiungo lilikuwa limekwisha kupona. Shina hilo, lililotokana na watafiti wa Uingereza, huwahimili vidukari wenye sufu nyeupe, lakini huoza shingoni, pale linapotokea udongoni, maji yanapotuama. Kwa hiyo katika udongo wetu mzito wa mfinyanzi niliinua tuta kwanza, ndipo nikapanda. Kasoro niliyoiona ni mizizi iliyokuwa imejizungusha ndani ya mfuko wa plastiki, ikanibidi niinyooshe na kukata michache.

Lalamiko langu liko kwenye maelezo niliyopewa. Muuzaji alinihakikishia kwamba baridi ya Kabare inatosha, kwamba kazi yangu ni samadi na subira tu. Granny Smith lilianzia Australia, kwenye bustani ya Maria Ann Smith karibu na Sydney, mwaka 1868, na kwa kuwa huko majira ya baridi si makali, mti huu hauhitaji baridi nyingi kama miti mingine ya Ulaya. Hata hivyo unataka saa 400 hadi 600 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ndipo matumba yake yaamke kwa pamoja. Usiku wa Kabare hutufanya tujifunike blanketi mbili, lakini ni nadra kufika nyuzi hizo. Matokeo yake, mwaka 2021 na 2022 mti wangu ulikuwa na matawi marefu yaliyo uchi, yenye kishungi cha majani nchani, na maua yasiyozidi vidole vya mkono mmoja.

Mtaalamu mmoja wa kilimo ndiye aliyenieleza kwamba katika nchi za joto mkulima huchukua nafasi ya majira ya baridi kwa mikono yake: huinamisha matawi na kuyafunga kwa kamba mpaka yalale, kisha hupukutisha majani yote kwa siku moja ili mti ushtuke na kuanza upya. Kuchagua siku hiyo ndiko kuliko na uzito, kwa sababu Granny Smith ni tunda la kuchelewa, linalohitaji takriban miezi sita kutoka ua hadi kuiva, na kwenye ubaridi wa mlimani huongeza siku kadhaa. Nilihesabu kurudi nyuma kutoka kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti, nikapukutisha majani mwanzoni mwa Desemba 2022, ili maua yafunguke Januari, mvua inapopungua kidogo na nyuki kuweza kutoka, na matunda yakomae Julai kwenye jua kavu. Mama jirani aliponiona alisimama njiani akaniuliza kwa uchungu, “Papa, muti ulikukosea nini?” Wiki nne baadaye nilimwita aje aone maua. Anna huchanua mapema kidogo, kwa hiyo siku hizi naupukutisha wiki moja baada ya mwenzake, nao wanakutana.

Julai 2023 nilipata matunda 11. Julai 2024, matunda 63. Kwa kuwa hubaki kijani, rangi haitoshi kukuambia kwamba limeiva, hivyo nilikuwa nikikata tunda moja kila wiki na kulipaka iyodi ya duka la dawa: palipo na wanga hugeuka bluu nyeusi, na sehemu hiyo ikibaki ukingoni tu, wakati wa kuchuma umefika. Upande ulioelekea jua ulipata wekundu hafifu kwa sababu ya usiku wenye baridi. Ladha ni kali, yenye maji mengi, na kwa kweli imelipita lile la Kadutu lililochoka safarini. Tuliyoyaweka ghalani, kila moja limefungwa kwa karatasi ya gazeti, tulikuwa bado tunayala mwezi wa Oktoba.

Ubwiri unga hushambulia machipukizi machanga, nami huyakata na kuyachoma mara ninapoyaona.

Anayeishi Ibanda au Bagira, kwenye joto la karibu na ziwa, ningemshauri achukue Anna pamoja na aina nyingine isiyodai baridi nyingi. Mwenye shamba la juu, kuelekea Tshivanga, anunue Granny Smith bila hofu, lakini asiondoke kitaluni kabla ya kuutoa mche katika mfuko na kuitazama mizizi. Mimi nimeagiza mingine miwili, na nimeomba inifikie Septemba, mvua zinapoanza.