Seti ya Scania ya 1:24: kebini safi, chesisi ya kupigania

Hii ni seti ya vipande vya plastiki vya kuunda kielelezo cha lori la Scania, kidogo mara 24 kuliko lori halisi. Ukifungua boksi, kebini ndiyo inayovuta macho kwanza. Mistari ya milango ni myembamba, grili ina kina, na taa za mbele ni vipande halisi vya plastiki angavu. Kwa mtu wa Mtwara aliyezoea kuona vichwa hivi vikishuka na makaa ya mawe kutoka Ruvuma kuelekea bandarini, au vikisubiri zamu ya kupakia korosho kuanzia Oktoba, sura ni ileile. Hapo seti inastahili sifa kamili. Kazi iko chini ya kebini na ndani yake, na tunasema mapema: kama unataka kubandika Jumamosi na kuweka kabatini Jumapili, usiagize.

Mihimili miwili ya chesisi huja imepinda. Laza mmoja juu ya kigae cha sakafu utaona mwanga ukipita chini yake. Plastiki ikitoka kwenye moldi haipoi sawasawa, na kipande kirefu chembamba ndicho kinachoumia zaidi. Ukifuata karatasi ya maelekezo bila kukagua, lori litasimama huku tairi moja la mbele likining'inia milimita moja hivi. Kwa skeli hii hiyo ni sentimita 2.4 za lori halisi, na jicho linaiona kutoka mlangoni. Tumbukiza mhimili kwenye maji yaliyoepuliwa motoni dakika mbili zilizopita, unyooshe taratibu kwa vidole, kisha uuzamishe kwenye maji baridi ukiwa bado umeushika. Baada ya hapo laza mihimili yote miwili juu ya kigae, uso wa juu ukiangalia chini, na uunge viungo vya katikati kwa tone moja moja la gundi. Pima pembe kwa pembe, pande zote mbili. Tofauti ikizidi nusu milimita, sogeza kabla gundi haijashika. Weka uzito juu na uache mpaka asubuhi.

Kebini ina tatizo la namna nyingine. Vipande vitupu vinafungana vizuri, lakini ukishaweka sakafu, pembe za nyuma zinafunguka. Wengi hubana kwa kibano na kumimina supa gluu. Hilo ni kosa. Sakafu ni pana kuliko inavyotakiwa, inasukuma mbavu, na mbavu zilizobanwa kwa nguvu zinaendelea kutaka kurudi. Baada ya muda rangi inapasuka palepale kwenye kiungo. Punguza sakafu kwa msasa namba 240, pande zote mbili, ukijaribu kila baada ya misuguo kumi, mpaka mbavu zifunge kwa shinikizo la vidole viwili tu. Pengo likibaki, usijaze kwa kadi ya simu, kwani hiyo mara nyingi ni PVC na gundi ya plastiki hii haiishiki vizuri. Tafuta kikombe cha mtindi chenye pembetatu na namba 6 chini yake. Hiyo ni polistirini kama seti yenyewe, na gundi inaviyeyusha vikawa kitu kimoja. Ufa mwembamba unajazwa na mabaki ya fremu ya seti (vile vijiti vinavyoshikilia vipande) yaliyoyeyushwa ndani ya gundi nyepesi mpaka yawe mazito kama asali. Mchanganyiko huo unasinyaa ukikauka, kwa hiyo uache umevimba kidogo na usubiri siku nzima kabla ya msasa.

Linalotuudhi zaidi ni usukani. Uko kushoto, na boksini hamna kipande cha kuuhamishia kulia, wakati nchi zinazoendesha kushoto mwa barabara ni nyingi na Tanzania ni mojawapo. Dashibodi haigeuziki, kwa sababu sehemu ya saa (mita za mwendo na mafuta) na vitufe imeinama kumwelekea dereva. Ikate ile sehemu ya saa kama kipande kimoja kwa msumeno mwembamba, toa upande wa kulia kipande cha upana uleule, kisha vibadilishane nafasi. Ubawa wa vitufe uliokuwa kuliani kwa dereva lazima uhamie kushotoni kwake, la sivyo utabaki unatazama dirisha. Ni rahisi kuuchonga upya kwa plastiki ya mtindi kuliko kuulazimisha ule wa zamani. Pedali hamisha tu, usizigeuze: klachi inabaki kushoto na mafuta kulia, usukani uwe upande wowote. Nje, ziba vitundu vya waipa na utoboe vingine, kwani zinalala kinyume na zilivyokuwa, na kile kioo kidogo kinachotazama chini ya mlango wa abiria kihamie kushoto. Ukiruka haya, hata upake vumbi zuri namna gani, dereva yeyote wa hapa atajua papo hapo kuwa lori si la kwetu.

Rimu za kromu zinang'aa kupita kiasi, na gundi haishiki juu ya kromu. Zilaze kwenye Jik mpaka mng'ao utoke, zioshe, upake rangi ya fedha iliyofifia. Tena, usivalishe matairi laini moja kwa moja juu ya rimu: mafuta yaliyomo kwenye mpira huo yanaweza kuila polistirini polepole, na joto linaharakisha. Zungushia rimu utepe mwembamba wa alumini kwanza. Tairi la 315/80 R22.5 lina kipenyo cha kama sentimita 107.5, yaani karibu milimita 45 kwa skeli, na haya ya seti yako sawa. Yaondolee tu mshono wa katikati kwa msasa wenye maji.

Kwa rangi, makopo ya kupuliza ya magari yanafaa ukiwa na subira. Tina yake huyeyusha plastiki hii, hivyo mikono miwili ya kwanza ya praima iwe kama vumbi tu, kutoka sentimita 30. Epuka siku za Machi na Aprili hewa ya pwani inapokuwa nzito: tina ikiruka inapoza uso, unyevu unatua, na rangi inageuka ukungu mweupe. Siku kavu, saa nne asubuhi hadi saa saba, ndiyo nafasi.

Vya kuongeza vipo mitaani. Hosi za upepo za tela, moja nyekundu na moja ya njano, zisokote kwa waya wa shaba wa nusu milimita ulioviringwa mara kumi na tano kwenye kijiti cha milimita 2.5. Kamba halisi ya milimita 12 ni uzi wa nusu milimita. Utepe wa kuakisi mwanga wenye upana wa sentimita 5 unakuwa milimita 2. Turubai ni karatasi ya shashi iliyolowekwa gundi nyeupe yenye maji, ikatandazwa juu ya mzigo ikiwa mbichi ili ishike mikunjo. Kitambaa kinasimama kikavu, hakilali. Raba ya nyuma ya tairi usiikate kwenye tyubu ya baiskeli, maana milimita moja ya unene hapo ni sentimita 2.4. Utepe wa umeme uliokunjwa mara mbili unatosha.

Vumbi ni suala la njia. Lori la uwanda wa Makonde ni jekundu, na unga wa tofali la kuchoma uliopitishwa kwenye kitambaa ndio unaokaribia zaidi. Udongo wenyewe una chembe kubwa mno. Lori la saruji ni la kijivu, hasa juu ya tangi na ngazi. Vumbi la barabara lipake zaidi nyuma ya tela, hewa inakojizungusha, na kidogo kwenye paa. Kabla ya kupaka, bandika kwenye kioo cha mbele karatasi mbili zilizokatwa kwa umbo la njia ya waipa. Ukizibandua zinabaki pinde mbili safi, na hapo hakikisha zimefuata waipa ulizohamisha, zisifuate picha iliyo kwenye boksi.