Daftari la malengo la elfu ishirini na tano: ukurasa wa tisa ndio mali

Nililinunua Desemba kule Nasser Road, Kampala, siku niliyokwenda Kikuubo kuchukua vitambaa. Nasser Road ndiyo mitaa ya wachapaji: kadi za harusi, risiti, kalenda, picha za wagombea. Kijana alikuwa ameyapanga mezani, jalada gumu la kijani, utepe wa kufungia, maandishi ya dhahabu. Alianzia elfu arobaini, tukaelewana kwa elfu ishirini na tano.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Busia, upande wa Uganda. Lengo langu la mwaka lilikuwa moja tu, ovaloki, ile mashine ya kushona kingo za nguo zisifumuke. Mpaka leo nguo zangu napeleka kwa jirani zikapigwe ovaloki, mia tano kila moja, na siku akiwa na kazi zake mteja wangu anakaa kwenye benchi ananitazama. Iliyotumika lakini nzima niliambiwa milioni moja na laki mbili.

Daftari lenyewe halikutengenezwa vizuri. Karatasi ni nyepesi, ukiandika huku unasomeka kule. Gundi nayo ni ya kubahatisha. Kufika Machi kurasa za Januari zilikuwa zinaning'inia, nikazishona kwa uzi wa jinzi.

Utangulizi wake ni ile hadithi ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani: eti mwaka 1953 asilimia 3 ya wanafunzi waliandika malengo yao, na miaka 20 baadaye wakawa na mali kuliko wenzao wote wakijumlishwa. Hadithi hii inazunguka WhatsApp kila Januari. Yale wenyewe walitafuta wakasema utafiti huo haupo. Ukinidanganya ukurasa wa kwanza, wa pili nausoma jicho moja nimelifumba.

Lakini kilichonikera zaidi ni vile visanduku kumi na viwili. Unaambiwa ugawe lengo lako kwa miezi, kwa hiyo kwangu ni laki moja kila mwezi. Aliyeyapanga hayo anakula mshahara. Mimi Januari, kabla shule hazijafunguliwa, nashona sare mpaka saa sita za usiku. Desemba ni gomesi za harusi. Machi na Aprili nashinda nikibadilisha zipu. Sasa Januari niliweka laki tatu na elfu ishirini, Machi elfu kumi na tano. Chini ya kila mwezi kuna katuni mbili, uso unaocheka na uso ulionuna, unapaka rangi wako. Machi nikapaka ulionuna. Aprili ulionuna. Mei ikaingia na karo ya muhula wa pili, daftari sikulifungua kabisa. Binti yangu mdogo ndiye aliyemalizia kupaka rangi zilizobaki, zote zinacheka.

Kilichonirudisha ni ukurasa wa tisa, ambao Januari niliuruka kwa sababu ulionekana wa kitoto. Una sentensi moja ya kujaza: "Ikitokea hivi, nitafanya hivi." Hawakutaja walikoitoa, ila mwanangu wa sekondari alinitafutia: ni mbinu aliyoieleza Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, katika makala ya 1999. Badala ya kusema "nitaweka akiba", unaifunga akiba kwenye jambo ambalo litatokea tu, ulitake usilitake. Nikaandika: "Mteja akija kuchukua nguo na kulipa, sehemu moja ya kumi inaingia kwenye laini ya pili ya simu kabla sijakunja noti." Mwezi wa zipu itakuwa kidogo, mwezi wa sare itakuwa nyingi, na hakuna wa kununa.

Laini ya pili haina kazi nyingine. Kutoa pesa kwenye simu kuna ada, na juu yake ule ushuru wa asilimia 0.5 tulioletewa 2018. Tunaulalamikia kila siku, lakini kwa hili umenisaidia: nikifikiria makato, mkono unarudi.

Jambo moja zaidi. Daftari linafundisha zile herufi za SMART, kila moja sifa ya lengo zuri, na A wanasema ni lengo linalowezekana. Mmarekani George Doran alipoziandika 1981, A yake ilikuwa nani amekabidhiwa kazi. Hiyo ya zamani ndiyo iliyonifaa. Nilipokuwa natuma mwenyewe, kila jioni nilikuwa na sababu. Nikamkabidhi binti anayejifunza kazi kwangu. Siku moja nikamwambia, "Leo acha, kuna unga wa kununua." Akaniangalia, sindano mdomoni. "Mama, si uliandika mwenyewe?" Pesa ikaenda. Unga tulikopa dukani, tukalipa kesho yake.

Kufikia mwisho wa Agosti nina laki tisa na elfu sabini.

Kwa hiyo nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za ukurasa wa tisa. Mwenye mshahara wa kila mwezi huenda visanduku vikamfaa, alinunue, ila avute kurasa kwanza aone kama gundi inashika. Mimi mwakani silinunui. Ukurasa wa tisa nimeutoa fotokopi kwa shilingi mia mbili, uko ukutani juu ya cherehani. Daftari lenyewe kurasa zake nyeupe sasa naandikia vipimo vya wateja.