Fremu ya bei poa kwa baiskeli ya mlima yenye shokapu ya mbele tu: ipi uchukue, ipi uiache

Fremu yangu ilinifia mwezi wa nne nikishuka Uru kurudi Moshi mjini. Kwa wiki nzima nilikuwa nasikia kamlio kila nikisimama kwenye pedeli, nikakaza krenki, nikabadili siti, nikapaka grisi kila mahali, kamlio kapo tu. Siku naosha tope nikaona kama unywele umenasa kwenye rangi, pale bomba la siti linapokutana na bomba la juu, nikajaribu kuutoa kwa ukucha, ukucha ukazama. Kumbe ufa aisee, na ukikalia siti unauona unafunguka na kujifunga.

Fundi akaniambia leta nichomelee. Fremu ilikuwa ya aluminiamu, na wakuu hapa nisikilizeni vizuri: aluminiamu aina ya 6061, ambayo fremu nyingi za bei poa ndiyo zimetengenezwa nayo, kiwandani ikishachomelewa inaingizwa kwenye tanuri ili irudishe ugumu wake. Ukiichomelea mtaani bila tanuri, pembeni ya mchomeleo panabaki laini, na ndipo patakapokatika safari inayofuata, labda ukiwa spidi 40 kwenye mteremko wa mawe. Nikaamua natafuta fremu nyingine, vifaa vyangu navihamishia huko.

Hapo ndipo nilipochoma hela. Nikaona fremu safi, rangi inang'aa, muuzaji ananihakikishia inaingia kila kitu, nikalipa. Nafika nyumbani, foku yangu (uma wa mbele unaoshika gurudumu, ndio wenye shokapu) shingo yake juu ni inchi 1 na nusu ya robo (yaani 1 1/8) halafu chini inatanuka mpaka 1.5, na fremu pale shingo inapoingia ina tundu nyembamba lililonyooka juu mpaka chini. Haiingii, na hakuna kitu cha kufanya. Ingekuwa kinyume, fremu pana na foku nyembamba, ningenunua ringi ya kupunguzia nikamaliza. Muuzaji akasema mali ikishatoka hairudi.

Kwa hiyo kabla hujatoka kwenda kuangalia fremu, pima vitu ulivyonavyo, andika kwenye simu. Tairi ni inchi 26, 27.5 au 29. Habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) ina upana gani, za kwiki rilizi, zile za kufungua kwa kiwiko cha mkono, ni milimita 135, za ekseli nene ya milimita 12 ni 142, na zile mpya zaidi ni 148, na usikubali mtu akuambie "tutabana tu". Nguzo ya siti ina unene gani, maana milimita 30.9 na 31.6 kwa macho ni kitu kimoja lakini moja haiingii na nyingine inacheza. Kama breki zako ni za diski, fremu lazima iwe na sehemu ya kufungia kalipa (kile kinachobana diski) upande wa kushoto nyuma, wengi wanasahau hii. Halafu beringi za krenki, mimi nataka za kufunga kwa nyuzi, upana milimita 68 au 73, kwa sababu fundi yeyote wa hapa anaziweza, za kugongea zinataka kifaa chake na vumbi letu zinaanza kulia mapema. Na mwambie fundi upande wa cheni nyuzi zinakaza kinyume, nimeshaona fremu nzima imeharibiwa hapo kwa kulazimisha.

Sasa nafasi ya kwanza kwangu sio fremu, ni baiskeli nzima ya mtumba ya aluminiamu, zile za Giant, Merida, Trek, Scott zinazoshuka kwenye makontena, hata kama gia zimekufa na rimu zimepinda. Unapata fremu na beringi za shingo na nguzo ya siti inayoenea, na mara nyingi muuzaji anaipangia bei ya baiskeli mbovu, wakati wewe unachotaka ndicho kizima.

Ya pili, fremu ya kromoli (chuma imara chembamba) ya miaka ya 90. Nzito kidogo, ila ikipasuka chuma kinachomeleka, na tairi za 26 zinapatikana kila kona. Ubaya nyingi hazina pa kufungia diski, na zilitengenezwa kwa foku fupi, ukiweka shokapu inayobonyea milimita 120 pua inapanda juu, usukani unakuwa mvivu kupanda Kibosho na shingo inabeba mzigo ambao haikuandaliwa. Mwisho milimita 80.

Ya tatu, fremu mpya ya kuagiza China. Vipimo unachagua mwenyewe, lakini usafiri na ushuru vinaweza kukaribia bei ya fremu yenyewe, piga hesabu yote kwanza. Ya nne ni zile za chuma kizito za baiskeli za gia za dukani, kwa kwenda sokoni sawa, milimani utachoka bure. Kaboni ya mtumba sichukui kabisa, ufa wake unaweza kuwa ndani huuoni.

Ukiipata fremu usilipe kabla ya uzi. Funga uzi kisikio cha nyuma kushoto (pale ekseli ya gurudumu inapokaa), uzungushe kwenye shingo ya mbele, urudishe kisikio cha kulia, uvute ukaze, halafu pima kutoka kwenye uzi mpaka bomba la siti pande zote mbili. Zikitofautiana kama milimita 4 hivi, iache, imeshagongwa. Pitisha ukucha kila kwenye mchomeleo, hasa chini ya shingo na pale kwenye siti, na nguzo ya siti kama haitoki usikubali "itatoka na mafuta", imeshashikana.

Mimi niliishia na nafasi ya kwanza, baiskeli niliyoipata Arusha baada ya kuzunguka siku mbili, sa hivi inapita msitu wa Rau kila Jumamosi na haijatoa mlio. Kitu kimoja tu kilinisumbua, kile kisikio kidogo kingine kinachoshika gia ya nyuma, kila fremu ina chake na hiki kilikuwa kimepinda, nikaagiza viwili, kimoja nakibeba kwenye begi.