Kodály au Dalcroze: mtoto aanze na sauti au na miguu?

Katika kuwafundisha watoto muziki, Zoltán Kodály (1882–1967) wa Hungaria alianza na koo la mtoto. Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950), aliyefundisha Geneva, alianza na mwili mzima. Kwa wote wawili, noti za karatasini zingoje kwanza.

Kwa njia ya Kodály, watoto husimama duara na kuimba mchezo wenye sauti mbili tu za ngazi ya do-re-mi: so na mi. Mkono nao huimba: kwenye mi kiganja hulala kifudifudi mbele ya kifua, kwenye so humwelekea mwimbaji, kidole gumba juu. Sauti ya tatu, la, huja baadaye. Hakuna chombo cha kununua, na sikio hukomaa mapema.

Kwa Dalcroze, mwalimu hubuni muziki papo hapo kwenye piano. Watoto hutembea, mapigo yakiongezeka maradufu, hukimbia, muziki ukikatika, huganda. Mtazame yule aliyechelewa hatua moja: hakuna aliyemkosoa, lakini mguu wake wenyewe unamwambia, naye anajirekebisha. Hilo ndilo linalonivutia zaidi katika njia hii. Ila inataka nafasi ya kutosha, na mwalimu anayeweza kubuni.

Wenye miaka 3 au 4 ningewaanzisha na Dalcroze, kwa sababu wengi wao bado hawawezi kushika tuni lakini kutembea wanaweza. Wakifika 6, michezo ya Kodály ichukue nafasi kubwa. Mwalimu asiyejua piano asikate tamaa: ngoma moja inatosha kuwaendesha na kuwasimamisha.