Kilbarchan: tulipoenda kuona kitanda cha kufumia vitambaa

Mwaka jana niliuziwa shali ya tartani, kile kitambaa cha Kiskoti cha miraba ya rangi, kwenye duka moja la zawadi, muuzaji akinihakikishia kwamba imefumwa kwa mkono. Nikampelekea mama Tanga. Akaifua mara moja tu, nyekundu ikachujia kwenye nyeupe, shali nzima ikawa ya waridi. Mimi ni fundi cherehani, vitambaa nashika kutwa, na bado nilinunua mbuzi kwenye gunia. Iliniuma sana, maana ilikuwa zawadi ya mama.

Alipokuja kunitembelea Glasgow, Uskoti, niliamua nimpeleke akaone kazi yenyewe. Tukapanda treni Glasgow Central hadi Milliken Park, safari isiyofika nusu saa, tukamalizia kwa miguu hadi kijiji cha Kilbarchan. Nyumba tuliyoifuata inaitwa Weaver's Cottage. Ni ya mawe, ilijengwa 1723, na sasa inatunzwa na National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi wa Uskoti. Katika karne ya 19 kijiji hiki kidogo kilikuwa na vitanda vya kufumia kama 800. Hebu fikiria kelele zake! Mashine za viwandani ndizo zilizovizima, kimoja baada ya kingine.

Vyumba vya juu ni vizuri, vina vyombo vya zamani vya jikoni, lakini moyo wa nyumba uko chini. Chumba cha kufumia kimezama nusu ardhini, na ukiingia unaupata ubaridi wa udongo. Walikitaka hivyo makusudi: uzi wa kitani ukikauka hukatika ovyo, unyevunyevu unaulainisha. Kitanda chenyewe ni cha mbao nzito, kina zaidi ya miaka 200, na bado kinafanya kazi.

Mama mmoja mfumaji alikaa akatuonyesha. Akakanyaga ubao wa miguuni, nyuzi za mtande, zile zilizotandazwa kwa urefu, zikapanuka, nusu juu nusu chini. Akavuta kamba, kijumba cha mbao kilichochongoka kama mtumbwi kikapita katikati kikiburuta uzi, kisha akavuta pao kuushindilia. Paa! Mama akanishika mkono: “Kumbe ndiyo maana ukaitwa mshindio, mwanangu.” Miaka yote nimelitamka neno lile bila kuliona likitendeka. Uzi mmoja wa mtande ulikatika. Mfumaji hakushtuka, akaupata kwa kidole, akaunganisha kipande, akafunga fundo dogo kuliko punje ya mtama, akaendelea.

Hapo ndipo nilipoielewa tartani. Mpangilio wa rangi ulioko kwenye mtande ndio huohuo unaorudiwa kwenye mshindio. Nyekundu ikikutana na nyekundu inakolea. Ikikutana na kijani, rangi zinachanganyika kwa vimistari vya mshazari. Geuza kitambaa: upande wa pili mraba ni uleule. Ile shali yangu upande wa nyuma ilikuwa imepauka, kwa sababu ilipigwa chapa tu. Laiti ningeigeuza pale dukani.

Mama alikuwa amejitanda kanga ya korosho juu ya koti. Mfumaji alipoiona uso ulimng'aa, akainyooshea kidole: “Paisley!” Mama akamjibu kwa Kiswahili, “Hapana mwanangu, hii korosho.” Nikawa mkalimani. Paisley ni mji wa jirani kabisa, na wafumaji wa huko, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800, waliiga shali za Kashmir zenye ua hilohilo la korosho, mpaka ua lile likapewa jina la mji wao. Wahindi nao walikuwa nalo kabla ya Paisley na kabla ya kanga yetu. Wale wawili walisimama wakilifuatisha ua moja kwa vidole, kila mmoja kwa lugha yake, nami nikaacha kutafsiri.

Ukitoka, tembea kidogo ukauone mnara wa 1755 wenye sanamu ya Habbie Simpson, mpiga zumari wa kijiji. Nusu siku inatosha. Nyumba haifunguliwi kila siku, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupanda treni, na mwenye magoti mabovu ajue kuna ngazi. Vaa sweta hata wakati wa kiangazi, chumba cha chini ni baridi. Na kama una kanga ya korosho, jitande.